Tawi la Bupe

Wivu hauna elimu. Unaweza kuwa na vyeti vya kutosha kutandika kitanda, wivu ukibisha hodi utakukuta hujui hata a wala be. Yusta Mgaya alikuwa mgeuzi mkuu wa Nyumba ya Miti ya Makambako, mwanamke aliyekabidhiwa kumbukumbu za majaji na maaskofu na asitoe umbea hata wa nusu sentensi. Lakini asubuhi alipoufungua mti wa mume wake, hakuanza kwa kutafuta madhara ya ugonjwa. Alianza kwa kutafuta jina la mwanamke.

Mumewe, Festo Ngailo, alikuwa fundi wa mapanga ya upepo yaliyo juu ya ukingo wa mji, yale yanayozunguka mwaka mzima na kuwasha taa mpaka Songea. Kiharusi kilimkuta huko juu akiwa amejifunga mikanda, na mikanda ndiyo iliyomwokoa asianguke. Madaktari waliuziba mshipa uliopasuka, mwili ukapona, ila kichwa kilikuwa kimefutika. Hakumjua mkewe. Hakujua kijiko ni cha nini. Ilibaki kumrudisha, na kurudisha watu ndiyo kazi ya Nyumba ya Miti.

Kila mtu mzima wa zama hizo ana punje nyuma ya sikio, nayo hunakili yote: alichokiona, alichokisikia, nani alikuwepo, moyo ulipigaje. Ndani ya mtambo nakala hiyo huwa mti. Shina ni mwenyewe. Kwenye shina kuna matawi ya miaka, ndani ya miaka siku, ndani ya siku watu, na kila mtu ana jina lake, uso wake, sauti yake na hisia aliyomwachia mwenye mti. Kila kitu kimewekwa kati ya lebo mbili, ya kufungua na ya kufunga, kama sufuria na mfuniko wake, sufuria ndogo ndani ya kubwa. Mti husafishwa, hugeuzwa kuwa lugha ya neva, kisha humiminwa kichwani taratibu mgonjwa akiwa usingizini.

Kanuni ya kwanza ya nyumba hiyo ni fupi: mti wa ndugu haushikwi. Kwa hiyo mti wa Festo alipangiwa Ngwale, mwanamume mpole mwenye watoto wengi kuliko mshahara, aliyefundishwa kazi na Yusta mwenyewe.

"Ngwale, mdogo wangu, niachie huo mti nusu saa."

"Dada Yusta, kanuni unaijua kuliko mimi."

"Naijua. Nataka kusafisha tu, we utaweka sahihi yako."

"Na nikiulizwa?"

"Utaulizwa na nani? Anayeuliza watu hapa si ni mimi?"

Ngwale alijikuna kisogo, akasema anakwenda kunywa chai. Alipotoka, Yusta alivuta kiti karibu na kioo cha meza. Mikono yake ilikuwa imetulia kabisa, na hilo lenyewe lingetosha kumtia hofu mtu mwenye akili.

Mtambo ule ulizaliwa na amri zake. Hazikununuliwa wala hazikuongezwa na mtu, zimo ndani tangu siku ya kwanza, na fundi mzuri anaweza kufanya maajabu kwa hizo chache. IPO hujibu ndiyo au hapana. HESABU hutoa idadi. DONDOA huchomoa kilichomo kati ya lebo na kukuletea mezani. GEUZA hubadilisha. Unachotakiwa ni kuupa mtambo njia: anzia shinani, ingia tawi hili, ingia siku hii, simama kwa mtu huyu. Mtambo hauongezi wala haupunguzi. Unajibu ulichouliza, na usichouliza kinabaki kimya humo humo ndani.

Yusta aliandika: IPO, mtu mwenye jina Bupe.

Ndiyo, mtambo ukajibu.

Hakushangaa. Jina hilo aliwahi kulisikia mara moja tu, mwaka walipooana, wifi yake Oresta alipoteleza ulimi jikoni: "Huyu kaka yangu bwana, tulijua ataoa Tukuyu kwa kina Bupe." Jioni ile Yusta alimuuliza mumewe, naye akajibu, "Hayo ya kale," akageukia ukutani. Ni mwanamke gani duniani aliyewahi kutulizwa na jibu la hayo ya kale? Miaka yote ile, Festo akikaa kimya mezani, Yusta alijua yuko Tukuyu. Akitabasamu bila sababu, yuko Tukuyu. Mwaka waliponunua kiti kipya cha barazani na Festo akapenda kukaa akiangalia magharibi, Yusta alikihamisha.

Aliandika tena: HESABU, siku zenye furaha, ambamo yumo Yusta. Mtambo ukaleta idadi. Ilikuwa idadi ya heshima, angeweza kuishia hapo, akanywa chai na Ngwale. Hakuishia. Alibadilisha jina moja tu katika swali, akaweka Bupe.

Idadi iliyokuja ilikuwa kubwa kuliko ya kwanza. Yusta aliitazama mpaka macho yakamuwasha. Aliolewa na mtu huyu, akamzalia binti, akamfulia ovaroli zenye grisi, akamkanda mgongo misimu yote ya baridi ya Makambako, na binti wa Tukuyu wa miaka miwili ya ujana alikuwa amemshinda kwa furaha. Hakutaka kuwa na busara. Alitaka kuona.

DONDOA, aliandika, na mtambo ukamletea alasiri moja.

Mvua ya mawe inapiga bati. Jiko la kuni. Msichana mrefu anamenya ndizi mbichi, mikono kaipaka mafuta utomvu usigande. Festo anajaribu kumsaidia, vidole vinamnata, na msichana anacheka. Anacheka kichwa kimerudi nyuma, mdomo wazi, bila kuuziba kwa mkono, kicheko kikubwa kinachoshindana na mvua. "Festo wewe," anasema, "mkono wako ulizaliwa kwa spana." Hisia: furaha. Moyo: kasi.

Yusta alikuwa na pengo la jino upande wa kushoto tangu utotoni, akacheka maisha yake yote na kiganja mdomoni. Festo hakuwahi kumwona akicheka vile. Hakuna aliyewahi.

Ndipo alipofanya. Alijiambia ni alasiri moja tu. Festo ana alasiri nyingi. Hii moja itampunguzia nini ikiwa badala ya Bupe yumo mkewe wa ndoa? Hafuti kitu. Kicheko kitabaki, mvua itabaki, ndizi zitabaki. Kitakachobadilika ni lebo moja ya mtu, na uso na sauti hufuata lebo. Aliandika GEUZA, akaandika njia, akaandika jina lake mwenyewe, akabonyeza. Mtambo ukajibu: imefanyika. Alifunga kioo haraka kama mtu aliyechungulia chumba cha wenyewe.

Katika njia unayouandikia mtambo, mkwaju mmoja, yaani mstari ulioinama, humaanisha shuka ngazi moja. Mikwaju miwili humaanisha tafuta popote, kwa kina chochote, mpaka unyayoni. Kila fundi wa Makambako ana uvivu wa kuandika miwili, maana huokoa safari ya kutaja tawi kwa tawi, na unapouliza tu haina hasara. Mwisho wake utapata majibu mengi kuliko uliyotaka. Kwenye kuuliza alikuwa ameizoea miaka na miaka. Siku ile hakuwa anauliza.

*

Mtu akirudishwa, desturi ya huko ni kumpokea kimya mpaka atamke neno la kwanza. Watu huamini neno hilo ndilo linaloonyesha moyo umelala wapi. Kuna mzee aliamka akauliza ng'ombe wake wamekunywa maji, na mkewe alinuna mpaka Pasaka.

Waliokuwa chumbani ni Yusta, wifi Oresta aliyekuja na chupa ya uji, na Ngwale na vipimo vyake. Jua la saa nne liliingia dirishani. Festo alifungua macho, akatazama dari, akatazama mapanga yanayozunguka kule ukingoni, kisha akamtazama mkewe. Akatabasamu kwa namna ambayo Yusta hakuwahi kuiona.

"Yusta," alisema. "Mbona umeacha kucheka?"

Oresta alipiga kigelegele mpaka Ngwale akaangusha kipimo. "Wifi yangu," alisema huku akilia, "watu tunaolewa tunazeeka hatuitwi hivyo hata mara moja."

Ni kweli. Festo hakuwahi kumwita mkewe kwa jina. Tangu binti yao Lusi azaliwe alimwita Mama Lusi, kama inavyopasa, na kabla ya hapo alimwita "wewe" na kukohoa. Jina lile lililotoka mdomoni mwake asubuhi ile lilikuwa laini, lilikuwa la ujana. Yusta alilipokea kwa mikono miwili kama zawadi. Alikuwa na furaha, tusimsingizie. Kwa muda wa kutoka hospitali mpaka mlangoni kwake alikuwa mwanamke mwenye furaha kuliko wote Makambako.

Nyumbani Festo aliketi jikoni, mahali ambapo hakuwahi kuketi.

"Leo nitakusaidia kumenya," alisema. "Paka mafuta mikononi kwanza."

"Kumenya nini?"

"Ndizi. Si ulinifundisha mwenyewe kwa mama yako, ile nyumba ya juu ya mto?"

Mama yake Yusta aliishi Lupembe, mahali pa chai na viazi, hapakuwa na mto wala mgomba. Yusta alisimama na mwiko mkononi. Alasiri aliyoibadilisha ilikuwa na jiko na mvua. Haikuwa na mto. Mto ulikuwa katika siku nyingine, ambayo hakuigusa. Au alidhani hakuigusa.

Kesho yake alifika kazini kabla ya wenzake, akaiuliza nakala mpya: IPO, mtu mwenye jina Bupe.

Hapana.

Hakuwepo popote. Tawi zima, miaka miwili ya Tukuyu, siku za soko, ugomvi, barua za simu, maombolezo ya bibi yake, kila mahali palipokuwa na Bupe palikuwa na Yusta. Aliitazama njia aliyoiandika na akaona mikwaju miwili imesimama pale kama miguu ya mtu aliyekamatwa.

Mti wa zamani ulikuwepo bado. Huhifadhiwa mpaka kumbukumbu mpya zishike mizizi kichwani, kisha hufungwa na haufunguki tena. Kabla ya kufungwa, mtu anaweza kulazwa na kurudishwa upya. Lakini kurudishwa upya huanza kwa kufuta yote aliyoyaishi tangu aamke, na mwenye kuomba hutakiwa aeleze sababu mbele ya baraza. Sababu ya Yusta ingemtoa kazini, na Ngwale angemfuata, kwa kuwa sahihi ilikuwa yake.

"Dada, unaonaje, nifunge?" Ngwale alimuuliza mlangoni. "Shemeji anaendelea vizuri, mizizi inakamata."

"Kesho," Yusta akasema.

*

Akasema kesho siku ile, na iliyofuata pia.

Ungedhani mwanamke aliyepata alichokitaka atanawiri. Yusta alikonda. Festo alimletea maua ya mwituni kutoka ukingoni, akamwambia, "Kama yale ya siku ya mahafali yako," na Yusta akayaweka ndani ya maji huku akiyachukia. Festo alimwimbia pambio la Kinyakyusa, akangoja apokee sauti ya pili. Yusta hakujua hata neno, akasingizia mafua. Usiku akigeuka kitandani, mkono wa Festo ulimtafuta bado akiwa usingizini, jambo lisilokuwepo zamani, naye alilala macho kodo akijiuliza mkono ule unamtafuta nani.

Zamani alimwonea wivu mwanamke mmoja aliyekuwa mbali. Sasa mwanamke huyo alikuwa ndani ya nyumba, amevaa jina lake na uso wake, anakula sahani moja naye. Akiitwa, anaitika yeye. Festo akisema "Yusta", Yusta alihisi mtu mwingine nyuma ya bega lake akigeuka. Alijikuta akitamani kuitwa Mama Lusi. Ndiyo, lile jina la kukohoa. Lile angalau lilikuwa lake.

"Naona kama nilikupenda mara mbili," Festo alimwambia siku moja, akistaajabu. "Mara ya kwanza kama mwendawazimu. Halafu ya pili, siku ulipokuwa unanibadilishia punje ukanigombeza nisijikune."

"Ipi ilikuwa nzuri?" Yusta aliuliza kabla hajauzuia mdomo.

Festo alicheka. "Sasa utajionea wivu mwenyewe?"

Hakujua alichosema. Yusta alitoka nje akaanua nguo zilizokuwa bado mbichi.

Jumamosi ile Ngwale alituma ujumbe kwamba anafunga mti jioni, baraza limeanza kuuliza kwa nini unachelewa. Yusta aliusoma, akaurudisha mfukoni. Jioni ikipita, jambo limekwisha. Hakuna atakayejua. Mumewe atampenda mpaka kufa, kwa mapenzi ambayo wifi yake analia kuyaona, na kosa pekee la mapenzi hayo ni kwamba hayakuwa yake. Akisema, atapoteza kazi, atamponza Ngwale, na atarudishiwa mwanamume anayekaa barazani akiangalia magharibi. Alijiambia ni wajinga wangapi wangekataa. Alikuwa ameshaamua kunyamaza.

Festo alikuwa barazani, amekirudisha kile kiti mahali pake pa zamani. Upepo ulivuma kama kawaida ya Makambako, wa kupeperusha hata mawazo. Alimwita mkewe aketi.

"Kuna siku moja inanisumbua," alisema. "Nimeigeuza kila upande haikai. Nimesimama mlangoni kwenu, kule juu ya mto. Mvua. We umevaa kanga ya njano. Nakwambia, Yusta, nisamehe, siwezi kukuoa. Unaniuliza kuna nani. Nakujibu yupo. Na unalia sana." Alimtazama machoni kwa aibu ya kweli, kama aliyetenda jana. "Mimi nakumbuka kukuliza, Yusta, na nimekuwa nikiona haya kukutazama. Ninachotaka kujua ni kwamba, siku ile nilikuwa nakuacha kwa ajili ya nani?"

Yusta aliinuka. Aliingia chumbani, akafungua kioo chake cha kazi, akauita mti wa zamani. Safari hii alitembea mkwaju mmoja mmoja: shina, mwaka, mwezi, siku ya mvua, mlango. Hakuweka sharti la hisia. Hakuweka jina. Aliandika DONDOA na kuacha mtambo umletee kilichomo, chochote kile.

"Bupe, nisamehe. Siwezi kukuoa."

"Kuna nani?"

"Yupo. Yuko Makambako, anaitwa Yusta. Alinigombeza kwa kujikuna. Bupe, nikiwa na wewe moyo unakimbia. Nikikaa na yule unaketi. Nimechoka kukimbia."

Chini yake, mtambo ulikuwa umeandika: Hisia, utulivu.

Yusta alikaa juu ya kitanda. Miaka yote ile, na asubuhi ile mbele ya kioo, alikuwa ameuliza furaha tu, kwa sababu furaha ndiyo aliyokuwa akiiogopa. Aliuliza kuhusu utulivu sasa: HESABU, siku zenye utulivu, ambamo yumo Yusta. Idadi ilipokuja hakuimaliza kuisoma. Ilikuwa ndoa yao nzima. Na ule mlango, siku pekee ambayo mumewe alimtaja kwa jina mbele ya mwanamke mwingine na kumchagua, yeye mwenyewe ndiye aliyeuharibu, akaweka jina lake pande zote mbili mpaka mtu akawa anamwacha Yusta kwa ajili ya Yusta na kuona haya bure.

Alimwandikia Ngwale: Usifunge. Kosa ni langu, nitakwenda mbele ya baraza mimi. Wewe sema nilikuamuru, ndiyo ukweli.

Kisha alirudi nje. Festo alikuwa bado anangoja, mikono mapajani, kama mshtakiwa.

"Hukuwa unaniacha mimi," Yusta alisema. "Ulikuwa unamwacha Bupe."

Festo alikunja uso, akalitafuta jina hilo kila mahali kichwani mwake.

"Bupe ni nani?"

Katika nyumba ile jina hilo halikuwa limetamkwa tangu mwaka wa ndoa. Sasa asingeweza kulisema nusu nusu, wala kulichafua. Festo hakuwa na kumbukumbu nyingine ya kusahihishia, angemjua binti yule kwa namna tu ambayo Yusta angemweleza. Alivuta kigoda, akaketi upande wa magharibi, mahali ambapo mumewe angemwona vizuri. Alianza na kile alichokichukia kuliko vyote.

"Alikuwa anacheka bila kuziba mdomo," alisema. "Ngoja nikwambie. Ulimpenda sana."